Nipasue au Nibebe?

Ukiona mvuke ukifuka juu ya kiwanda cha majani chai huku Kericho, ujue chini yake kuna boila inayokula kuni. Kilo moja ya chai iliyokauka hutokana na kilo nne hadi tano za majani mabichi, na maji yote hayo hufukuzwa kwa moto. Kuni hizo ndizo riziki yangu. Nanunua mikaratusi ingali imesimama kwenye mashamba ya wakulima, naikata, naipasua, naianika, kisha sehemu inaenda kiwandani na sehemu kwenye shule za bweni. Wengi waliingia katika biashara hii baada ya serikali kusimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, marufuku ambayo Rais alitangaza kuiondoa Julai 2023. Sasa shoka limewachosha, vibarua wamepanda bei, na kila mmoja anauliza: ninunue mashine ya kupasulia inayofungwa kwenye trekta, au ile yenye injini yake?

Kwanza tuelewane kwa nini tunapasua. Gogo bichi la mkaratusi, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na gome huyafungia ndani. Kilo ya kuni yenye unyevu wa asilimia 50 hutoa joto linalozidi kidogo tu nusu ya lile la kilo yenye unyevu wa asilimia 20. Kwa hiyo mnunuzi mwerevu hupima unyevu kabla ya kupima mita za ujazo. Pande lililopasuliwa hukauka haraka kuliko gogo zima, na mkaratusi hupasuka kwa urahisi ukiwa mbichi. Uache ukauke kwanza, nyuzi zake zilizosokotana zitalirudisha shoka juu.

Mashine zote mbili hufanya kazi kwa namna moja. Pampu husukuma mafuta ya haidroliki ndani ya silinda, pistoni inatoka, na gogo linabanwa kwenye kabari ya chuma. Wauzaji hupenda kutaja tani. Usizimeze hivi hivi, zipige hesabu: nguvu ni shinikizo la mafuta mara eneo la uso wa pistoni. Silinda yenye kipenyo cha inchi 4 ina eneo la inchi za mraba 12.6. Kwa shinikizo la pauni 2,500 kwa kila inchi ya mraba, unapata karibu pauni 31,400, yaani tani 14 na ushei. Silinda ya inchi 5 kwa shinikizo lilo hilo hutoa tani 22. Basi mtu akikuuzia silinda ya inchi 4 kwa jina la tani 25, mwambie akuonyeshe geji.

Mashine za trekta ziko za aina mbili, na wanunuzi wengi hawaambiwi. Aina ya kwanza huazima mafuta ya trekta yenyewe. Unaifunga kwenye mikono mitatu ya nyuma, unachomeka mipira miwili ya mafuta, kazi inaanza. Ni nyepesi, haina injini ya kutunza, na bei yake kwa kawaida ni nafuu. Lakini trekta nyingi kuukuu zina pampu iliyoundwa kuinua jembe, si kusukuma mafuta mengi kwa mfululizo. Silinda ya inchi 4 yenye mwendo wa inchi 24 hujazwa na mafuta karibu lita 5. Pampu ya lita 17 kwa dakika itachukua sekunde 17 kuifikisha mwisho, na bado hujairudisha. Ya lita 40 itachukua sekunde 7 au 8. Kwa gogo moja huoni tofauti. Kwa lori zima, tofauti hiyo ndiyo faida yako.

Kuna pia jambo la uchafu. Katika trekta nyingi, mafuta ya haidroliki ndiyo hayo hayo yanayolainisha gia. Mpira ukichomolewa na kuchomekwa na tanboi mwenye mikono iliyojaa vumbi la gome, vumbi hilo linaingia kwenye gia za trekta ya mamilioni. Ndiyo maana mimi napendelea aina ya pili, inayoendeshwa na shafti ya PTO inayotoka nyuma ya trekta, kwa mizunguko 540 kwa dakika, na iliyo na pampu na tangi lake. Hiyo hukaa na mafuta yake, na kasi yake haitegemei pampu ya trekta.

Trekta ina sifa nyingine kubwa: urefu. Mashine nyingi ndogo zenye injini hukubali gogo la sentimita 60 hivi. Za trekta zinazosimama wima zinapatikana za kupasua pande la mita moja. Kiwanda ninachokipelekea kuni huagiza mita moja, ilhali shule zenye majiko banifu hutaka vipande vifupi. Kabla ya kuuliza bei ya mashine, muulize mteja wako mlango wa boila au jiko lake una ukubwa gani.

Lakini sikiliza swali ambalo dereva wangu huniuliza karibu kila asubuhi ya msimu: “Mama, leo nipasue au nibebe?” Hapo ndipo penye kiini. Trekta ikishafungwa mashine ya kupasulia, haivuti trela. Magogo yanabaki bondeni, na siku mvua za Machi hadi Mei zikianza, njia za mashambani huteleza na mzigo unalala huko huko. Mwenye trekta moja ananunua mashine akidhani ameongeza nguvu, kumbe amezigombanisha kazi mbili juu ya injini moja. Na injini hiyo ni kubwa mno kwa kazi yenyewe. Trekta yangu ya nguvu-farasi 75, ikizungusha PTO kwa 540, hunywa lita nne hadi tano za dizeli kwa saa. Injini ndogo ya petroli ya nguvu-farasi 6.5 hunywa lita moja na nusu hadi mbili, na saa za trekta haziongezeki kuelekea matengenezo makubwa.

Mashine yenye injini yake hutumia ujanja wa pampu ya hatua mbili. Simama karibu nayo uone. Pistoni inakimbia tupu, mafuta mengi kwa shinikizo dogo. Gogo likigusa kabari, mlio wa injini unashuka, pistoni inapunguza mwendo, na pampu inajibadilisha yenyewe: mafuta machache, shinikizo kubwa. Mkaratusi unaanza kulia ndani kwa ndani, ufa unakimbia kando ya kifundo, kisha pande mbili zinaanguka na maji yakimeta kwenye nyuzi. Kwa ujanja huo injini ndogo hufanya kazi ya kubwa.

Ila sisi wa nyanda za juu tuna kodi yetu. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kericho iko kwenye mita kama 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo zaidi ya moja ya tano ya nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko imebaki Mombasa. Ukishauriwa injini ya nguvu-farasi 6.5, chukua iliyo kubwa zaidi kidogo. Na kama unapasulia ndani ya ua wa kiwanda penye umeme wa fezi tatu, uliza ya mota ya umeme. Haina petroli, haina kabureta, na mwinuko hauisumbui kama unavyoisumbua injini ya petroli.

Usalama sitaupamba. Anayeshika wenzo ndiye anayeweka gogo, peke yake. Wakiwa wawili, mmoja akiweka na mwingine akivuta wenzo, vidole vitabaki kwenye kabari. Shafti ya PTO isizunguke bila kifuniko chake, na asiikaribie mtu aliyevaa leso au koti linalopepea. Mpira ukivuja, usiutafute uvujaji kwa kiganja: mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi kupitia tundu lisiloonekana, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali hata kama halitoki damu. Pitisha kipande cha katoni. Mashine zile za skrubu nene inayojichimbia kwenye gogo sizitaki kambini kwangu, kwa kuwa skrubu inayozunguka wazi haichagui kati ya gogo na suruali.

Hukumu yangu ni hii. Mwenye trekta mbili, au trekta inayokaa bila kazi miezi baada ya kulima, na mteja wa mapande ya mita moja, achukue ya trekta yenye pampu ya PTO na tangi lake. Mwenye trekta moja inayobeba kutwa, na asiye na trekta kabisa, achukue yenye injini yake na magurudumu ya kuvutwa na pikapu. Ya kuazima mafuta ya trekta inamfaa mkulima anayepasua kuni za nyumbani, si mfanyabiashara. Na yeyote uwaye, nenda dukani na gogo lako la mkaratusi lenye kifundo kibaya kuliko vyote, uliweke kwenye mashine mwenyewe, na usitoe pesa mpaka limepasuka mbele yako.