Wanapokea Bima Yako, Lakini Je, Wamo Kwenye Mtandao?

Wengi wetu tuliokulia Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu tulizoea hospitali yenye utaratibu mmoja: unalipa kwanza, unashika risiti, ndipo unaingia kwa daktari. Hata mwenye kadi ya bima aliambiwa pale pale dirishani kwamba dawa fulani haimo, akatoka kwenda kuinunua duka la dawa. Ilikuwa kero, lakini bei uliijua siku hiyo hiyo. Hapa Marekani mambo ni kinyume. Unatibiwa leo, unaagwa kwa tabasamu, kisha bei inakufuata nyumbani kwa barua, pengine baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo maswali yote ya fedha yaulizwe kabla hujaingia kwa daktari.

Swali ambalo wengi huuliza ndilo lisilosaidia. Mtu anapiga simu kliniki, anataja jina la kampuni yake na kuuliza, "Mnapokea bima hii?" Mhudumu anajibu, "Ndiyo, tunapokea." Hajadanganya. Maana yake ni kwamba wako tayari kutuma madai kwa kampuni hiyo. Kampuni italipa kiasi gani, hilo hajalisema. Kampuni moja huuza mipango mingi, na kila mpango unaweza kuwa na mtandao wake wa madaktari na hospitali ambao wamekubaliana nao bei. Uliza hivi: "Daktari huyu, kwenye tawi hili, yumo kwenye mtandao wa mpango wangu?" Kisha msomee jina kamili la mpango kama lilivyoandikwa kwenye kadi.

Halafu geuza kadi, piga namba iliyo nyuma, uiulize kampuni yenyewe swali hilo hilo. Andika tarehe, jina la aliyekujibu na namba ya kumbukumbu ya simu hiyo. Inachosha, najua, hasa kwa anayefanya kazi zamu mbili. Lakini usitegemee orodha ya madaktari iliyo kwenye tovuti ya kampuni peke yake. Orodha hizo zinajulikana kwa kupitwa na wakati: daktari amehama, amestaafu, au hapokei tena wagonjwa wapya, na jina lake bado lipo.

Angalia pia herufi zilizo kwenye kadi. Ikiwa ni HMO, kwa kawaida ukitoka nje ya mtandao unajilipia kila kitu isipokuwa dharura, na mara nyingi huwezi kumwona bingwa bila barua ya daktari wako wa kawaida. PPO inakuachia uhuru zaidi, nawe unaulipia. Na kabla ya upasuaji, kipimo kikubwa kama MRI au dawa ya bei ghali, uliza kama kinahitajika kibali cha awali. Daktari kukuandikia kipimo si sawa na bima kukubali kukilipia.

Sasa hesabu, maana hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Tuseme mpango wako una dedaktibo ya dola 1,500, yaani kiasi unachotoa mfukoni mwako kwa mwaka kabla bima haijaanza kuchangia, na baada ya hapo unalipa asilimia 20. Unafanyiwa upasuaji mdogo, hospitali inaandika dola 5,000. Kwa kuwa imo kwenye mtandao, bei iliyokubaliwa na bima ni dola 3,000. Zile 2,000 zinafutwa. Unalipa 1,500 za mwanzo, halafu asilimia 20 ya 1,500 zilizobaki, ambayo ni 300. Jumla 1,800. Mtu anayekatwa bima kwenye mshahara kila wiki mbili akiona bili hiyo hudhani ameibiwa. Hajaibiwa. Huo ndio mkataba alioutia saini, na alipaswa kuelezwa wazi siku alipouchagua. Kuna ukomo pia: kwa mipango inayofuata sheria ya afya ya 2010, mwaka 2025 mtu mmoja hakutakiwa kulipa zaidi ya dola 9,200 kwa mwaka kwa huduma zilizomo kwenye mpango na zilizotolewa ndani ya mtandao. Makato ya bima ya kwenye mshahara hayahesabiwi humo.

Sheria hiyo hiyo inaitaka mipango mingi ilipie huduma za kinga bila kukudai senti: chanjo, kipimo cha shinikizo la damu, kipimo cha saratani ya utumbo mpana kuanzia miaka 45. Hata hivyo, ukienda kwa uchunguzi wa mwaka ukamwambia daktari kwamba goti linakuuma tangu mwezi uliopita, naye akalishughulikia, goti linaweza kuandikiwa malipo ya pembeni. Usimfiche daktari maumivu yako. Jua tu kwamba bili ikija, haikukosewa.

Dharura ina kanuni zake. Tangu 1986 sheria inazitaka hospitali zenye kitengo cha dharura, karibu zote nchini, zimpime na kumtuliza mgonjwa wa dharura awe na bima au asiwe nayo. Tangu Januari 2022, chini ya sheria nyingine ya shirikisho, mwenye bima akipelekwa hospitali ya dharura iliyo nje ya mtandao hatozwi zaidi ya kiwango cha ndani. Na ukifanyiwa upasuaji kwenye hospitali iliyo ndani, mtoa dawa ya usingizi aliye nje haruhusiwi kukutumia bili ya ziada. Ambulansi ya barabarani iliachwa nje ya sheria hii ya shirikisho, na bili yake huwashangaza wengi.

Kwa wanaohangaika na Kiingereza: hospitali zinazopokea fedha za serikali zinapaswa kukupa mkalimani bure, na mtoto wako wa darasa la sita hapaswi kutumiwa kazi hiyo, labda pawe na dharura isiyongoja. Mzee aliyezoea Kiswahili cha Lubumbashi akipewa mkalimani wa Unguja na wasielewane, aseme. Anaweza kuomba mwingine.

Wenye hatari kubwa kuliko wote ni wazazi wanaokuja kututembelea. Mama anafika na viza ya miezi sita, ana sukari na presha, na mwanawe amemnunulia bima ya msafiri ya bei rahisi. Bima nyingi za aina hiyo hazilipii ugonjwa aliokuja nao, au hulipa tu ukizidi ghafla, tena kwa masharti. Nyingine hulipa kiasi kilichopangwa kwa kila siku ya kulazwa, hata kama hospitali inadai mara kumi ya hicho. Kabla mama hajapanda ndege, soma sehemu inayohusu magonjwa yaliyokuwepo kabla ya safari, na umfungie dawa zake, pamoja na cheti cha daktari wake.

Baada ya matibabu, karatasi ya kwanza kufika huenda ikatoka kwa kampuni ya bima, imeandikwa wazi kwamba si bili. Usiilipe, wala usiitupe. Ngoja bili ya hospitali, uilinganishe nayo. Zikitofautiana, piga simu kabla ya kutoa pesa. Kipato kikiwa kidogo, omba fomu ya msaada wa malipo: hospitali zisizo za kibiashara zinalazimika kisheria kuwa na mpango huo na kupokea maombi hadi siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka hospitali. Bima ikikataa kulipa, kwa mipango mingi una siku 180 tangu upokee taarifa hiyo kukata rufaa kwenye kampuni yenyewe, na ikikataa tena, mara nyingi unaweza kudai mkaguzi huru wa nje aamue.

Siku hizo zinahesabika hata kama bahasha imelala juu ya friji haijafunguliwa. Zifungueni, ndugu zangu, na asiyeelewa alichotumiwa aje nacho kwenye mkutano wa jumuiya tukisome pamoja.