Ajuza wa Televisheni na Ajuza wa Kijijini

Anayefuatilia michezo ya kuigiza katika televisheni zetu hakawii kutambua kwamba mwanamke akishapita umri wa miaka hamsini hubakiwa na nafasi mbili au tatu tu. Atakuwa mama mkwe asiyetosheka, au bibi kizee wa kuchekesha, au mchawi. Mwanamume wa umri uo huo hupewa uwaziri, utajiri, uchifu na, ajabu ya Mungu, hata mapenzi ya msichana wa miaka ishirini.

Hali haikuwa hivi siku zote. Sisi tuliolelewa na Sauti ya Kenya, iliyogeuka kuwa KBC mwaka 1989, tulimjua Mary Khavere kwa jina la Mama Kayai katika Vitimbi. Huyo hakuwa pambo la mumewe, Mzee Ojwang', yaani Benson Wanjau aliyetuaga Julai 2015. Alimkabili, akamkosoa, akamcheka, na watazamaji walimwona akizidi umri mwaka baada ya mwaka bila ya kumchoka. Katika Vioja Mahakamani naye Lucy Wangui aliketi kitini kama hakimu, na akina Makokha na Otoyo, pamoja na vituko vyao vyote, walilazimika kumnyenyekea. Naam, ilikuwa michezo ya kuchekesha, tena yenye mapengo mengi. Hata hivyo ilimpa mwanamke mzima akili na mamlaka.

Kisha zikatuingilia filamu za Nigeria. Simlaumu Patience Ozokwor, kwani ni mwigizaji hodari kupindukia, lakini umaarufu wake mkubwa umetokana na kuigiza mama mkwe katili, na waandishi wetu wakaona wamepata kielelezo cha kunakili.

Pengine msomaji atasema kwamba mchezo ni mchezo tu. Hapa Nyanchwa, mlimani tunapoutazama mji wa Kisii, siwezi kulisema hilo kwa moyo mweupe. Mwezi wa Mei 2008, watu kumi na mmoja, wengi wao wanawake wakongwe, walichomwa katika vijiji vya Kisii kwa kushukiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, wanawake wanne waliuawa huko Marani kwa tuhuma iyo hiyo. Sidai kwamba televisheni ndiyo iliyowasha moto ule. Tuhuma za uchawi zilikuwako kabla ya televisheni, na aghalabu nyuma yake huwa kuna ugomvi wa shamba au wivu. Ninalouliza ni hili: kijana ambaye hajapata kumwona ajuza katika kioo isipokuwa akiwa na tunguri mkononi, atamtazamaje jirani yake mjane, mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni, aishiye peke yake?

Nasi walimu tumo. Katika tamasha za drama za shule na vyuo, msichana wa sekondari hupakwa unga wa chaki kichwani, akafungwa leso, akapewa mkongojo, akaambiwa akohoe na kutetemeka. Ukumbi huangua kicheko, na waamuzi nao hutoa alama. Mwanafunzi huyo hajaulizwa bibi yake hutembea vipi, wala huzungumza vipi anapokasirika. Wakongwe wengi ninaowafahamu hawatetemeki hata kidogo. Wanapanda mlima huu na kikapu cha majani chai mgongoni.

Marekani iliwahi kuonyesha The Golden Girls, kuanzia 1985 hadi 1992, wanawake wanne waliopita ujana wakiishi nyumba moja, wakigombana, wakipenda na kupendwa, na mamilioni wakatazama. Hatukosi visa vya namna hiyo. Mjane anayedai shamba la marehemu mumewe mbele ya shemeji zake ni mchezo mzima. Mwekahazina wa chama anayegundua kwamba mwenyekiti amekula akiba ni mwingine. Waandishi wa televisheni wawaite waigizaji waliozeeka kikweli, wawalipe ipasavyo, na wawape maneno ya kusema kabla ya kuwapa mkongojo. Sisi shuleni tunaweza kuanza muhula wa kwanza, miswada inapoandikwa, kwa kuwatuma wanafunzi nyumbani wakawasikilize bibi zao.