Je, Wajua? Akina Mama wa Uhuru Park

Je, wajua kwamba mwaka 1992 baadhi ya polisi wa Kenya wenye virungu na mabomu ya machozi walitimuliwa na akina mama wazee wasiokuwa hata na fimbo?

Tarehe 28 Februari, mama za wafungwa wa kisiasa waliketi Uhuru Park, jijini Nairobi, wakaanza kugoma kula. Walitaka wana wao waachiliwe. Kama Kenya ilikwisha kurudisha vyama vingi, hao walikuwa bado wanashikiliwa kwa kosa gani? Pamoja nao alikuwa Wangari Maathai, mwanaharakati aliyejulikana kwa kupanda miti.

Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia. Wangari alipigwa hadi akazirai, akakimbizwa hospitali. Hapo ndipo baadhi ya akina mama wale walipovua nguo mbele ya askari. Kwa mila za Wakikuyu, na za makabila mengine mengi, mwanamke wa umri wa mama yako akikuvulia nguo kwa hasira amekulaani. Askari waligeuza nyuso, wengine wakatoka mbio. Mafunzo ya chuo cha polisi hayakuwa na jibu la jambo hilo.

Baada ya uvamizi huo, mgomo ulihamia kanisa la All Saints lililo karibu, na akina mama wakakaa humo takriban mwaka mzima. Kufikia mapema mwaka 1993, karibu wafungwa wote waliotajwa walikuwa huru. Kona ile ya bustani inaitwa Freedom Corner hadi leo.