Usimwage kokoto juu ya matope

Je, msomaji, umewahi kununua lori zima la kokoto, ukalimwaga kutoka langoni hadi mlangoni, kisha baada ya msimu mmoja wa mvua ukashindwa kujua zilikokwenda? Kama umewahi, usidhani uko peke yako. Wengi waliojenga Syokimau, Kitengela, Ruai na Embakasi wamepata hasara hiyo hiyo. Hawakuibiwa. Kokoto zao zimo humo humo uani, zimemezwa na udongo.

Mimi nami ni mmoja wao. Mnamo Aprili 2018, mvua ilipokuwa ikinyesha mchana na usiku, mwanetu alibanwa na kifua saa nane za usiku. Gari lilikuwa zima na petroli ilikuwamo, lakini magurudumu ya nyuma yalizama kabla hatujafika langoni. Nilimbeba mtoto mgongoni, mama yake akitumulikia kwa tochi, tukakanyaga matope hadi barabara ya lami ndipo tukapata teksi. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini tangu usiku ule nilifahamu kwamba njia ya gari nyumbani si pambo la kuwaonyesha wageni.

Adui ni maji

Udongo mweusi ukilowa huvimba na kulainika kama uji. Ukikauka hunywea na kupasuka nyufa za kutosha mtoto kutumbukiza mkono. Kokoto zikimwagwa juu yake, kila gurudumu linalopita huzisukuma chini, na tope hupanda kuchukua nafasi yake. Hata ukiongeza lori la pili na la tatu, ni kutwanga maji kwenye kinu.

Walio na udongo mwekundu, kama wa Kikuyu, Limuru na Kiambu, wana nafuu kidogo kwa kuwa maji hupenya upesi. Hata hivyo, huko kuna miteremko, na maji yanayoteremka huzizoa kokoto na kuzipeleka kwa jirani.

Kwa hivyo, kabla ya kumwita mwenye lori, ngoja siku ya mvua kubwa, chukua mwavuli, utoke nje. Tazama maji yanaingilia wapi, yanatuama wapi na yanatokea wapi. Nusu saa hiyo ya kulowa miguu itakuokolea pesa nyingi.

Chimba kwanza

Kazi yenyewe ifanywe wakati wa kiangazi. Pima njia kwa kamba na vigingi. Upana wa mita 3 hutosha gari moja. Kisha waambie vibarua waondoe udongo mweusi. Kama si wa kina kirefu, uondolewe wote. Kama ni wa kina, chimba angalau futi moja, kisha tandika kitambaa maalum kinachopitisha maji lakini kinachozuia udongo usichanganyike na mawe. Usidanganywe utandike karatasi ya nailoni. Hiyo huyashika maji na kugeuza njia yako kuwa beseni.

Juu ya kitambaa weka mawe ya msingi, ukubwa wa ngumi mbili hivi, kwa unene wa sentimita 20. Chagua mawe magumu. Yapo mawe mepesi ya kujengea ambayo vipande vyake huuzwa kwa bei nafuu, lakini mengine hulainika yakikaa majini. Njia rahisi ya kuyapima ni kuyaloweka kwenye ndoo usiku kucha, kisha asubuhi uyagonge kwa nyundo. Yakimeguka kama mkate, mrudishie mwenyewe.

Tabaka la pili ni maramu, sentimita 10. Inyunyizie maji kidogo, ishindiliwe kwa mashine ya kukodi mpaka kisigino cha kiatu kisiache alama. Hapa ndipo wengi huharakisha, na hapa ndipo njia huharibikia.

Mwisho kabisa ndipo kokoto huja, sentimita 5 tu. Nunua zile zilizopondwa, za inchi nusu au robo tatu, zenye pembe kali. Pembe hizo hushikana zikikanyagwa. Kokoto laini za mtoni hupendeza macho, lakini huteleza na kutawanyika kama shanga zilizokatikiwa na uzi.

Njia isiwe bapa. Iwe na mgongo, yaani katikati pawe juu kuliko kingo kwa sentimita 6 hivi, ili maji yagawanyike pande zote mbili na kuingia kwenye mitaro. Panga mawe makubwa kingoni kuzuia kokoto zisitoroke, lakini uache mianya ya maji.

Hisabati ya lori

Hapa mpe mwanao wa shule penseli na karatasi. Tuseme njia yako ina urefu wa mita 15 na upana wa mita 3. Hizo ni mita 45 za mraba. Zidisha kwa unene wa kokoto, yaani mita 0.05, upate mita 2.25 za ujazo. Mita moja ya ujazo ya kokoto huwa na uzito wa tani moja na nusu hivi, kwa hivyo unahitaji karibu tani tatu na nusu. Kwa hesabu iyo hiyo, maramu ni mita 4.5 za ujazo na mawe ya msingi ni mita 9. Ongeza robo kwa maramu, kwa sababu hupungua ikishindiliwa. Mwenye lori akikuambia unahitaji tani 18 za kokoto, utakuwa na jibu.

Langoni pia pana jambo. Mtaro unaopita kando ya barabara si wako. Wako watu wanaoujaza mawe ili gari lipite, kisha mvua ikija, maji huingia sebuleni kwa jirani. Weka kalvati chini ya njia, tena uulize kwanza ofisi ya kaunti, kwani nje ya lango lako ni ardhi ya umma.

Kuitunza

Njia ya kokoto ni kama shamba, ukiliacha, litakuacha. Mara moja kwa mwezi pitisha reki, urudishe katikati kokoto zilizosukumwa kingoni. Ng'oa magugu kabla hayajatoa maua. Zoa majani, maana yakioza hugeuka udongo, na udongo huotesha magugu mengine. Kabla ya mvua za Machi na zile za Oktoba, zibua mitaro na kalvati.

Ukiona shimo, usilijaze kokoto tu. Lichimbe mpaka ufikie sehemu ngumu, toa tope lote, jaza maramu, shindilia, kisha ndipo urudishe kokoto juu. Shimo likirudi pale pale, jua kuna maji yaliyofichika, yatafute. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndugu msomaji, najua kuchimba na kushindilia hakuonekani, na mgeni hatakusifu kwa mawe yaliyo chini ya ardhi. Kama pesa hazitoshi, tengeneza mitaro na msingi mwaka huu, upitie juu ya maramu, na kokoto zije mwaka ujao. Usianze na kokoto. Siku utakapohitaji kutoka nyumbani saa nane za usiku huku mvua ikinyesha, ni yale yasiyoonekana yatakayokufikisha barabarani.