Embe liliwe pamoja na ugali

Maembe yakijaa sokoni Musoma, Bunda na Butiama, wengi huyala njiani, hata kabla ya kufika nyumbani. Si vibaya, lakini faida moja kubwa hupotea.

Embe bivu lina vitamini C, wastani wa miligramu 36 katika kila gramu 100. Vitamini hiyo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye ugali wa mtama, maharage na mboga za majani, ambayo yenyewe hufyonzwa kidogo tu. Kwa hiyo vipande vya embe viwekwe mezani pamoja na ugali. Chai, ambayo wengi wetu tunaipenda na chakula, hufanya kinyume. Isubiri kama saa moja.

Jambo hili lina uzito Kanda ya Ziwa, ambako malaria huwaachia watoto na wajawazito wengi upungufu wa damu. Hata hivyo, embe halichukui nafasi ya vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki. Mjamzito aendelee kuvimeza.

Mwenye kisukari asizidishe: nusu ya embe dogo inatosha kwa mara moja. Na kwa walio jirani na ziwa, maembe yaoshwe kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa.