Kuchagua Picha za Sherehe Mtandaoni: Mambo ya Kuzingatia kwa Mpigapicha na Mteja

Kazi ya mpigapicha wa sherehe haimaliziki siku ya sherehe. Baada ya maharusi kurejea nyumbani na maturubai kufunguliwa, hubaki kazi ambayo wageni waalikwa hawaioni, nayo ni kuchambua mamia ya picha zilizopigwa hadi kupata chache zitakazohaririwa, kuchapishwa na kuingizwa katika albamu. Kwa sasa sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika mtandaoni. Mpigapicha humtumia mteja kiungo, mteja hukifungua katika simu janja yake, huweka alama kwenye picha anazozipenda, na orodha humrudia mpigapicha bila yeyote kati yao kufunga safari.

Utaratibu huo umerahisisha kazi, lakini pia umezua maswali ambayo mara nyingi huulizwa wakati pande mbili zimekwisha kutofautiana. Je, picha zinazoonekana katika kiungo ndizo atakazokabidhiwa mteja? Ni nani mwenye ruhusa ya kuziona? Zitakaa mtandaoni hadi lini? Makala haya yanaeleza namna zana hizo zinavyofanya kazi, mambo ya kukubaliana kabla ya kazi kuanza, na wajibu uliopo kisheria kwa mtu anayekusanya na kuhifadhi picha za watu.

Kutoka karatasi hadi kiungo

Kumwonesha mteja picha za majaribio kabla ya kuchapisha si jambo jipya. Katika zama za filamu, zilizotumiwa na studio kongwe kama Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1930, mteja hakuwa na njia ya kuona picha papo hapo. Kwa filamu ya milimita 35, ambayo kwa kawaida hutoa picha 36, fundi alikata negativu vipande sita vyenye picha sita kila kimoja, akavilaza juu ya karatasi moja ya kuchapishia na kupata picha ndogo ndogo zote kwa pamoja. Mteja alitazama karatasi hiyo kwa kioo cha kukuzia na kuzungushia alama picha alizozitaka. Negativu ilibaki studio.

Kamera za kidijitali ziliondoa ukomo wa picha 36. Mpigapicha wa harusi anaweza kupiga picha 800 au zaidi kwa siku moja, na karatasi moja haitoshi tena kuzionesha. Hapo ndipo zilipoingia huduma za albamu za mtandaoni. Miongoni mwa zinazojulikana kwa wapigapicha duniani ni Pixieset, Pic-Time na ShootProof. Aidha, programu ya kuhariri picha ya Adobe Lightroom humwezesha mpigapicha kushiriki albamu kwa kiungo ili mteja aweke alama ya kupenda au maoni chini ya picha.

Namna zana hizi zinavyofanya kazi

Ingawa majina ni tofauti, utaratibu unafanana. Kwanza, mpigapicha huondoa picha zilizoharibika, kama vile zilizotikisika au zenye watu waliofumba macho. Pili, hutengeneza nakala ndogo za picha zilizobaki na kuzipandisha katika albamu ya mtandaoni, mara nyingi zikiwa na alama ya studio juu yake. Tatu, humtumia mteja kiungo pamoja na nywila. Nne, mteja huchagua, na kila chaguo huhifadhiwa kwa jina au namba ya faili. Tano, mpigapicha hutumia namba hizo kutafuta picha halisi katika kompyuta yake, huzihariri na kuzikabidhi zikiwa na ubora kamili.

Nakala ndogo zina faida kwa pande zote mbili. Picha kamili kutoka kamera ya megapikseli 24 inaweza kufikia takriban megabaiti 10, hivyo picha 800 zingekuwa gigabaiti 8. Nakala ndogo zenye takriban kilobaiti 300 kila moja zingetumia megabaiti 240 tu kwa idadi hiyo hiyo. Kwa mteja anayenunua bando, tofauti hiyo ni kubwa.

Wapo wanaouliza kwa nini picha zisitumwe tu kwa WhatsApp. Picha inayotumwa huko kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora, na jina lake la awali hubadilishwa. Mteja anapojibu kwamba anaitaka ile ya bibi akicheka, mpigapicha hulazimika kuisaka kwa macho miongoni mwa mamia. Asipokuwa makini, atahariri picha inayofanana nayo badala ya ile iliyochaguliwa. Katika albamu ya mtandaoni, namba ya faili haipotei, na namba hiyo ndiyo inayounganisha chaguo la mteja na picha halisi.

Picha ya kuchagulia si picha ya kukabidhiwa

Jambo la msingi kuliko yote kwa mteja kufahamu ni kwamba nakala iliyoko katika kiungo imetengenezwa kwa ajili ya kuchagulia pekee. Nakala yenye upana wa pikseli 1,200, ikichapishwa kwa kiwango cha pikseli 300 kwa inchi, hutoa picha yenye upana wa inchi 4 tu, sawa na sentimita 10 hivi. Picha kamili ya kamera ya megapikseli 24, ambayo ina upana wa pikseli 6,000, hutoa inchi 20, sawa na takriban nusu mita. Mteja anayepiga picha ya kioo cha simu na kuipeleka kuchapishwa ukubwa wa ukutani atapata picha yenye ukungu, na lawama zitamwangukia mpigapicha asiyehusika.

Vilevile, nakala za kuchagulia kwa kawaida hazijahaririwa kikamilifu. Rangi ya ngozi, mwanga wa ukumbi na vitu visivyotakiwa nyuma ya maharusi hurekebishwa baada ya uchaguzi. Hivyo mteja anashauriwa kutazama sura, mkao na tukio lenyewe, na kuacha masuala ya mwanga kwa mhariri. Ni vema pia kuzima hali ya kioo cha simu inayopunguza mwanga wa buluu nyakati za usiku, kwa kuwa hubadilisha rangi zote kuwa za manjano. Inapowezekana, picha zitakazochapishwa kwa ukubwa zitazamwe katika kompyuta, kwa sababu kasoro ndogo haionekani kwa urahisi katika simu.

Mteja pia anatakiwa kuteua mtu mmoja au wawili wa kufanya uamuzi. Kamati ya harusi inaweza kuchangisha fedha na kutafuta ukumbi, lakini ikipewa kiungo kimoja, kila mjumbe atachagua picha aliyomo yeye, na orodha itakayomfikia mpigapicha haitakuwa na maana. Ndugu watoe maoni yao kwa mteuliwa, naye ndiye aweke alama.

Makubaliano ya maandishi

Malalamiko mengi ya aina hii yanaweza kuepukwa kwa ukurasa mmoja wa makubaliano uliosainiwa kabla ya siku ya sherehe. Ukurasa huo unapaswa kueleza mambo yafuatayo:

Idadi ya picha zitakazohaririwa, na bei ya kila picha itakayoongezwa juu ya idadi hiyo.

Tarehe ambayo kiungo kitatumwa, muda aliopewa mteja kuchagua, na hatua itakayofuata iwapo muda utapita bila majibu.

Idadi ya mara ambazo mteja anaweza kuomba marekebisho bila kulipia upya.

Kiasi cha malipo ya awali, na iwapo picha kamili zitatolewa kabla au baada ya malipo ya mwisho.

Muda ambao albamu itabaki mtandaoni, na muda ambao picha zisizochaguliwa zitahifadhiwa kabla ya kufutwa.

Iwapo mpigapicha anaruhusiwa kutumia picha hizo kutangaza kazi zake, na ni zipi.

Kipengele cha mwisho huachwa mara nyingi, ilhali ndicho kinachogusa heshima ya watu. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, picha ni miongoni mwa kazi zinazolindwa, na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) ndiyo inayosimamia eneo hilo. Mteja anapokabidhiwa nakala, haina maana kwamba amepewa hakimiliki. Hata hivyo, mpigapicha kuwa na hakimiliki hakuondoi haki ya mtu aliyemo pichani ya kulindiwa faragha yake. Haki hizo mbili zipo kwa wakati mmoja, na makubaliano ya maandishi ndiyo yanayoonesha mpaka wake.

Faragha na matakwa ya sheria

Sura ya mtu anayeweza kutambulika ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, na kuunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria hiyo inawataka wakusanyaji na wachakataji wa taarifa binafsi kusajiliwa na Tume, kutumia taarifa kwa lengo lililokusudiwa na kuzilinda zisifikiwe na wasiohusika. Taarifa zinazohusu watoto zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti. Sheria pia imeweka masharti kuhusu kusafirisha taarifa nje ya nchi, jambo linalowagusa wapigapicha kwa kuwa huduma nyingi za albamu za mtandaoni huendeshwa na kampuni za kigeni.

Uzito wa suala hili unaonekana katika sherehe za wanawake pekee, kama singo na usiku wa hina, ambazo wahusika huwa bila hijabu au wamevaa mavazi wasiyoyavaa mbele ya wanaume. Mpigapicha mwanamke anaweza kuwa ameaminiwa na kuruhusiwa kuingia, lakini kiungo kisicho na nywila kikitumwa katika kundi la familia, ndani ya dakika chache picha hizo zinaweza kuwafikia watu ambao wahusika hawakuwahi kuwakubalia. Picha iliyokwisha kusambaa haiwezi kurudishwa.

Nchini Kenya, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Uamuzi huo ulitolewa chini ya sheria ya nchi hiyo, lakini funzo lake linavuka mpaka. Kupiga picha kwa ruhusa hakumaanishi ruhusa ya kuichapisha.

Kwa hiyo, mpigapicha anashauriwa kuweka nywila katika kila albamu na kuituma kwa njia tofauti na ile aliyotumia kutuma kiungo. Azime uwezo wa kupakua hadi hatua ya kukabidhi, azuie albamu isionekane katika mitambo ya utafutaji, na aweke tarehe ya ukomo. Picha za matukio ya faragha ziwekwe katika albamu yake yenye nywila tofauti. Mteja, kwa upande wake, asisambaze kiungo bila kumjulisha mpigapicha, na atambue kwamba ridhaa ya maharusi haitoshi kuwa ridhaa ya kila mgeni aliyemo pichani. Mwananchi anayeona taarifa zake zimetumiwa kinyume cha sheria anayo haki ya kuwasilisha malalamiko kwa Tume.

Albamu ya mtandaoni si ghala la kudumu

Wapo wateja wanaoamini kwamba picha zikishakuwa mtandaoni zimehifadhiwa milele. Ukweli ni kwamba albamu hudumu kwa kadiri mpigapicha anavyolipia huduma na kwa kadiri kampuni inavyoendelea kuwapo. Malipo yakisimama, kiungo kinaweza kufungwa.

Kanuni inayofuatwa na wengi ni kuwa na nakala tatu, katika aina mbili tofauti za vifaa, na moja kati yake ikae mahali pengine. Kwa familia, hiyo inaweza kuwa nakala moja katika kompyuta, ya pili katika diski ya nje, na ya tatu katika hifadhi ya mtandaoni au kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Nakala hizo zitengenezwe mara tu picha kamili zinapopokelewa. Picha chache zilizochapishwa katika karatasi bora nazo ziwepo, kwa kuwa hazihitaji nywila wala umeme ili kutazamwa.

Zana za kuchagua picha mtandaoni zimewapunguzia wapigapicha na wateja wao muda na gharama, na zimemwezesha ndugu aliyeko Muscat au London kushiriki kuchagua picha za harusi ya mdogo wake iliyofanyika Tanga. Manufaa hayo yatadumu iwapo kila upande utajua wajibu wake. Mpigapicha alinde sura alizokabidhiwa, mteja achague kwa wakati na kulipa kama walivyokubaliana, na wote wawili waandike makubaliano hayo kabla kamera haijawashwa.