Podo, Mzee wa Milimani

Anayepaua nyumba Kilangali, wilayani Kilosa, leo, fundi humtajia kwanza mbao za paini: nyepesi, nyeupe, zenye harufu ya utomvu. Paini, au msonobari, ni mti mgeni. Aina inayopandwa sana kwenye mashamba ya miti kama Sao Hill, Mufindi, ilitoka Mexico, na huvunwa ikiwa na miaka ishirini hivi.

Wapo ndugu zake wanaoishi umri wa kutisha. Kwenye milima mikavu ya California, karibu meta 3,000 juu ya bahari, umesimama msonobari uitwao Methuselah, uliozidi miaka 4,800. Baridi na udongo hafifu huukuza polepole mno, hivyo ubao wake huwa mgumu, umejaa utomvu, na wadudu hawauwezi. Mwaka 1964, huko Nevada, mtafiti Donald Currey aliruhusiwa kuukata mmoja wa aina hiyo. Zikahesabiwa pete 4,862. Umri ulijulikana mti ukiwa umeshalala chini.

Tanzania haina msonobari wa asili. Mzee wa milima yetu ni podo, jamaa wa mbali wa paini, aotaye kwenye misitu ya ukungu ya Ukaguru na Udzungwa. Majani yake ni membamba na magumu kama ngozi. Haitoi matunda makavu ya magamba; mti jike huzaa mbegu za mviringo ambazo ndege huzila na kuzisambaza. Ubao wake ni wa manjano, hauna utomvu, na ukipigwa randa hutoka laini. Uzuri huo ndio uliouponza.

Podo huishi mamia ya miaka, ila pete zake hazisomeki kirahisi, kwa kuwa huku hakuna majira ya theluji ya kusimamisha ukuaji kila mwaka. Anayeangusha podo kubwa hajui ameangusha karne ngapi. Na misitu hiyo ndiyo inayoshika maji ya mito inayoteremka kwenye mashamba ya mpunga ya Kilosa.

Basi unaponunua mbao, muulize muuzaji zimetoka wapi. Chukua paini ya shambani iliyowekwa dawa. Podo isiyo na dawa huliwa na mchwa na huoza upesi, kwa hiyo hata kwa kenchi za nyumba yako hupati faida yoyote kwa kuikata.